Majibu ya ule mfuko

Mwanangu mpenzi,

Nilipokwambia kwenye simu kuwa ni malaria, nilikudanganya. Sikutaka uingie kwenye chumba cha mtihani na mawazo ya kwangu. Leo umemaliza karatasi ya mwisho, basi nisikie mimi kabla hujasikia kwa shangazi yako.

Unakumbuka operesheni yangu ya mawe ya nyongo. Mawe nilionyeshwa kwenye kikopo, manne, kubwa lao kama kunazi, nikasema alhamdulillahi, yamekwisha. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi akanikumbusha kwamba mfuko wenyewe wa nyongo, uliotolewa pamoja na mawe, umepelekwa maabara ya patholojia, wanakopima vilivyokatwa mwilini, nifuate majibu baada ya wiki mbili. Sikutilia maanani. Wiki mbili zikawa sita, na aliyekwenda hatimaye ni baba yako.

Ni saratani ya mfuko wa nyongo.

Nilibisha, mwanangu. Nilimwambia daktari utrasaundi ilionyesha mawe tu, na macho yangu hayajawahi kuwa ya manjano. Akanieleza taratibu: mfuko uliosumbuliwa na mawe muda mrefu ukuta wake hunenepa, na wenye saratani nao hunenepa, kwa hiyo picha huweza kumpita hata mtaalamu. Wengi hugundulika kama mimi, kwa hadubini, mfuko ukiwa umeshatolewa. Nikawaza yale maumivu ya chini ya mbavu za kulia, yaliyokuwa yakinishika nikila pilau na kupanda hadi begani. Miaka yote ile nilipewa dawa za vidonda vya tumbo, na mimi nikameza bila kuuliza. Hilo linaniuma kuliko kisu.

Daktari alinichorea ukuta wa mfuko nyuma ya karatasi. Ugonjwa ungeishia kwenye utando wa ndani, operesheni ile ingetosha. Wangu umefika kwenye msuli, na upande mmoja mfuko huwa umegandana na ini. Siti skani haikuonyesha kwamba umesambaa. Jumanne wananirudisha chumba cha upasuaji, wakate kipande cha ini palipokuwa na mfuko na watoe tezi za jirani. Ini hukua tena, ameniambia, na neno hilo nalala nalo.

Sasa wewe. Mwezi wa kumi na mbili ulilalamika tumbo kila ukila chipsi mayai, nami nikakwambia ni gesi. Nisamehe. Wenye mawe ni wengi na walio wengi hawaipati saratani hii maisha yao yote, kwa hiyo usikeshe ukilia. Ila kapige utrasaundi wiki hii, na jina la mama yako na ugonjwa wake umtajie daktari.

Panda basi la Jumapili ufike kabla sijalazwa. Niletee ile khanga ya zambarau uliyoondoka nayo, nataka kujifunika hiyo wodini.

Mama yako