Barua ya Kufunga Muhula wa Pili

Kwa Wazazi na Walezi Wote,

MINT: KUFUNGA SHULE

Hamjambo? Tumefika mwisho wa muhula salama, na nianze na lililonifurahisha.

Mliofika Siku ya Wazazi mliliona igizo la Gredi ya Nne kuhusu Owen na Mzee. Wengi wenu mnakikumbuka kisa chenyewe. Desemba 2004, tsunami ilipofika pwani yetu, mtoto wa kiboko, Owen, alibaki peke yake baharini karibu na Malindi. Aliokolewa kwa nyavu, akapelekwa hifadhi ya wanyama ya Haller Park kule Mombasa, na huko akamng'ang'ania kobe mkongwe, Mzee, aliyekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi. Walimu wangeweza kuruka pale kobe anapomkataa. Hawakuruka, nami nawapongeza. Mzee alimfokea na kujikokota akaenda zake, mtoto akamfuata tena na tena, hadi wakawa wanakula na kulala pamoja. Mwanafunzi aliyekuwa kobe alifungiwa karai la kufulia mgongoni kwa leso. Kila kiboko aliposogea, alijivuta hatua mbili, karai likigonga sakafu ko! ko!, na kina mama wa safu ya mbele wakacheka hadi machozi.

Hivyo ndivyo tunavyoitumia saa ya hadithi kila Ijumaa. Sungura na fisi wangalipo, ila fisi siku hizi ana mawakili: watoto wamejua kwamba fisi madoa huwinda sehemu kubwa ya chakula chake mwenyewe. Gredi ya Tatu walisimuliwa habari za simba jike wa Samburu aliyemchukua ndama wa choroa, swala mwenye pembe ndefu, mwaka 2002 akamlinda kama wake. Mtoto mmoja akauliza, "Halafu?" Mwalimu hakumficha: simba dume alimla yule ndama. Mzazi mmoja alilalamika. Mimi sioni haja ya kuwadanganya watoto kwamba wema hulipwa papo hapo.

Ripoti za tathmini mmepewa. Someni na maoni ya walimu, si alama tu.

Sasa lililoniudhi. Wiki iliyofuata igizo hilo, wavulana watatu wa Gredi ya Tano walimpachika mwenzao jina la "Kobe" kwa sababu anatembea kwa magongo. Walimwita hivyo kwenye foleni ya chakula, wakaigiza mwendo wake, mpaka mtoto akaacha kwenda kula. Tulijua pale mpishi alipouliza sahani yake iko wapi.

Niliwaita wazazi wa hao watatu. Wawili walifika, mmoja akamtuma dada wa nyumbani. Kati ya waliofika, mmoja aliniuliza kwa nini hatukuwachapa tukamaliza maneno. Viboko shuleni vimekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na hata visingekatazwa, sioni vingemfundisha nini mtoto kuhusu kumwonea aliye dhaifu kwake. Lililoniuma zaidi ni ujumbe kwenye kikundi chetu cha WhatsApp: "Si kobe ndiye shujaa wenu? Shida iko wapi?" Watu kumi na zaidi waliweka vicheko chini yake. Wazazi, mtoto huyo ana jina, nalo liko kwenye rejista. Karai lile mwenzake alilivua igizo lilipokwisha. Magongo haya anarudi nayo nyumbani. Tena watoto hao walituambia wazi walikoyasikia maneno ya "kiwete" na "mzigo", na si shuleni. Tunaweza kusimulia hadithi kila Ijumaa hadi Novemba. Mkiyavunja mafunzo yake mezani nyumbani Jumamosi, tunatwanga maji kwenye kinu.

Karo. Kuna wanaodaiwa tangu muhula wa kwanza, na baadhi yao nimewaona wakipiga picha safu ya mbele Siku ya Wazazi. Mwenye shida ya kweli aje tuzungumze, sijawahi kumfungia mtu mlango. Anayezima simu mhasibu akipiga ajue mwanawe hatapokewa bila mpango wa malipo ulioandikwa. Lipeni kwa namba ya M-Pesa ya shule, msimpe mwalimu pesa mkononi.

Wanaochelewa kuripoti kwa sababu "tulikuwa ushago": basi huondoka ushago hata Ijumaa.

Wazazi wa wale wavulana watatu, nawangoja ofisini siku ya kufungua, saa moja na nusu asubuhi, kabla ya gwaride. Mje wenyewe.

Wenu,
Mwalimu Mkuu