Shemeji, Pasifiki inatuhusu

Shemeji yangu,

Siku ya arobaini ya Baba ulichora bahari na mikondo yake ya juu kwa penseli nyuma ya kadi, kisha ukapitisha gumba juu ya Indonesia na kuifuta. "Huko mbali, hakutuhusu." Nikakukatiza mbele ya wazee, nikadai hata mvua yetu ya vuli inatokana na mkondo wa huko, nawe ukanionya. Hadi leo hujapokea simu yangu, ndiyo maana naandika hapa.

Ulichofuta ni mlango ambao maji ya Pasifiki hupitia kuingia Bahari ya Hindi. Upepo wa mashariki huyarundika maji ya Pasifiki upande wake wa magharibi, usawa wake ukazidi ule wa Bahari ya Hindi, na maji yakateremka kupita katikati ya visiwa: takriban mita za ujazo milioni 15 kila sekunde. Mengi hupita Mlango wa Makassar, kati ya visiwa vya Borneo na Sulawesi, yakatokea milango ya Lombok, Ombai na Timor.

Ulipokosea ni kutazama maji ya juu peke yake. Miezi ya Desemba hadi Februari upepo husukuma maji mepesi ya Bahari ya Java, yenye chumvi kidogo, hadi kusini mwa Makassar. Yanaziba huko juu, na mkondo wenye nguvu unapita chini yake, kwenye kina cha mita 100 hivi, ambako maji ni ya baridi zaidi. Ukipima juu ukazidisha kwa kina, unakosea wingi wa maji, na joto unalikosea zaidi. Njiani nako, maji kujaa na kupwa juu ya vizingiti vya sakafu ya bahari (cha Lombok kiko mita 300 tu chini ya maji) huyakoroga, hata ile tabaka ya chumvi nyingi iliyotoka Pasifiki hutaiona tena upande wa pili.

Uliuliza, kwa kejeli, nani amepima. Kati ya 2004 na 2006 Indonesia, Australia, Marekani, Ufaransa na Uholanzi waliweka vipimo kwenye milango mikuu kwa wakati mmoja. Zamani mlango mmoja ulipimwa mwaka mmoja na mwingine mwaka mwingine, na hesabu za namna hiyo hazijumlishiki: El Niño ikiingia upepo unalegea, rundo linashuka, mkondo unapungua; La Niña, kinyume chake, huuzidisha. Kipimo chenyewe ni nanga sakafuni, waya, na boya lililozama. Mkondo ukikaza, waya unalala na kifaa kinashuka makumi ya mita. Bila kipima shinikizo pembeni yake utaandika kina cha 100 kumbe kiko 150.

Wewe ni mwalimu mzuri, shemeji. Ndiyo maana niliumia. Mwanao alikuwa amekaa pale mkekani anasikiliza, na kesho kutwa ana mtihani. Ningenyamaza vipi? Labda ningekuita pembeni. Lakini ulikuwa umeshafuta.

Maji hayo husafiri magharibi, kati ya nyuzi 10 na 15 kusini hivi, hadi Madagaska. Tawi moja huzunguka ncha ya kaskazini ya kisiwa, likagonga Afrika karibu na Rasi ya Delgado na kugawanyika: upande mmoja unapanda kuwa mkondo wetu wa pwani, ambao kusi huukaza hadi kupita mita moja kwa sekunde na kaskazi huulegeza, mwingine unashuka Mlango wa Msumbiji kuelekea mkondo wa Agulhas, kusini mwa Afrika. Sisemi kila tone la Kilindini limetoka Makassar, maana yamechanganyika na mengi njiani. Lakini mwanzoni mwa karne hii, pepo za Pasifiki zilipokaza, joto jingi lilipitia mlango huo likajazana katika mita 700 za juu za Bahari ya Hindi. Hilo nalo halituhusu?

Kuhusu vuli ulikuwa na haki kunionya. Mvua ile hufuata zaidi tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki ya bahari yetu, pamoja na upepo, na niliruka haraka mno kutoka mkondo hadi mvua. Hilo nalikubali.

Kadi ninayo. Nimeichora tena Lombok kwa wino. Mpe mtoto simu nimwoneshe.