Kompyuta ya stoo: tuisasishe au tuiache ilivyo?

Wateja wetu wa Mtwara, Masasi na Tandahimba wakileta kompyuta hutuuliza: "Programu yangu ya stoo haina shida, kwa nini niiguse?" Wana haki ya kuuliza. Programu ya miaka kumi inayotoa hesabu sahihi hatuna ugomvi nayo. Tunachohofia ni Windows iliyo chini yake, yaani mfumo unaoendesha kompyuta yenyewe.

Windows 7 iliachwa kuhudumiwa na Microsoft, watengenezaji wake, Januari 2020. Huduma ya kawaida ya Windows 10 nayo ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, mwezi ambao huku kusini akili zote ziko kwenye korosho. Mashine inawaka kama jana, kwa hiyo hakuna anayeshtuka, ila tundu jipya la usalama likigunduliwa halizibwi tena. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili katika nchi nyingi, hospitali za Uingereza zikiwemo, kikadai malipo. Kiraka cha kukizuia Microsoft walikuwa wamekitoa tangu Machi.

Tunajua apdeti zinazimwa kwa sababu ya bando. Unawasha hotspoti utume ripoti moja, kompyuta inamaliza bando lote. Hilo lina dawa: tunaipanga Windows ijue kwamba intaneti ya simu ni ya kipimo, isishushe mafaili makubwa, kisha unatuletea mashine tuisasishe kwa intaneti yetu.

Kompyuta inayoingia kwenye barua pepe, benki au mambo ya kodi lazima iwe na mfumo unaohudumiwa. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na mashine nyingi za zamani hazina. Hapo tutakwambia wazi kwamba ni kununua nyingine. Lakini kompyuta ya ghalani inayoandika magunia tu, iache. Ikatwe intaneti kabisa, na flashi ikaguliwe kabla ya kuchomekwa.

Kabla ya kugusa chochote tunanakili diski nzima. Kisha nakala ile tunaiwasha kwenye mashine nyingine, tunafungua programu, tunatafuta mzigo wa wiki iliyopita na kuchapa risiti yake. Bakapu ambayo haijajaribiwa hatuihesabu. Tunasisitiza hili kwa sababu programu nyingi za huku zilitengenezwa na vijana ambao wameshahamia Dar, na CD za kuziweka upya hazijulikani ziliko. Diski ikifa, madeni ya wakulima yanapotea nayo.

Wa korosho, njooni msimu ukishapita, msisubiri Oktoba. Wenzetu wa Lindi wenye ufuta, wahini kabla ya Mei. Mje na nywila ya programu na printa ya risiti pamoja na waya wake, maana baada ya kubadilisha Windows, printa ndiyo hugoma mara nyingi, na tunataka igome mbele yetu.