Mafunzo ya redio ya HF: sasa ni Jumamosi, Sahare

Assalaam alaykum, ndugu manahodha na mabaharia wenzangu.

Badala ya Ijumaa, tutakutana Jumamosi hii saa 3:00 asubuhi, pwani ya Sahare, tujifunze kutumia redio ya HF (ya mawimbi mafupi), ambayo mawimbi yake hurudishwa na anga la juu na kufika mamia ya maili, ilhali yale ya VHF (redio ya mawasiliano ya karibu) hukoma mbele kidogo ya upeo wa macho. Masafa ya HF (namba za kuweka redioni) ya kuomba msaada wa dharura kwa sauti ni kilohezi 4125, 6215, 8291, 12290 na 16420. Kwa kawaida usiku masafa ya namba za chini husafiri vizuri zaidi, na mchana yale ya namba za juu. Tutafanya mazoezi ya kutamka Mayday (mwito wa kuomba kuokolewa) mara tatu, jina la chombo mara tatu, mahali kilipo, shida iliyopo na idadi ya watu, redio zikiwa zimezimwa, kwa kuwa mwito wa uongo huwavuta waokoaji mbali na anayezama kweli.

1. Mchango ni shilingi 5,000 za betri na chai, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni.
2. Wenye redio waje na antena zao. Nyingi nilizoziona zimeliwa na chumvi, na hilo linanitia hofu.

Naomba kila nahodha athibitishe hapa kufikia Alhamisi, akitaja mabaharia wangapi atakuja nao.