Mbwana, Achana na Nguzo ya Umeme

Gainesville, Florida
9 Mei

Swahiba yangu Mbwana,

Assalaam alaykum. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, pale uliposema mama mkwe amehamia chumba cha uani kwa sababu ya makelele ya darini, na sasa anataka aitwe mtu wa kusoma. Mwambie popobawa hakai kwenye silingi bodi za Ngamiani, yeye ana kwao Pemba. Hao ni popo tu, tena wadogo, kila mmoja anaenea kiganjani.

Mara ya pili sikucheka. Nimesikia vizuri kwamba umeona ile picha yangu ya kibanda cha popo kwenye nguzo ya umeme, umeshanunua mbao, na kuna kijana amekuahidi kwamba Jumamosi atapanda akipigilie kibanda cha popo kwenye nguzo ya TANESCO iliyo mbele ya duka lako. Ndiyo maana nakuandikia. Ningekujibu kwa sauti ungeisikiliza huku unapima sukari, na nusu ingepotea.

Picha ile ni ya zamani. Kibanda kilikaa kwenye nguzo ile siku kumi na moja tu, na mwisho wake sikukusimulia kwa kuwa naona aibu.

Nilikuwa nimekitengeneza karakanani kwetu, kwa mabaki ya mbao za sipreshi yaliyotokana na kazi ya makabati. Kilipokamilika nikaanza kutafuta pa kukiweka. Uwanja wangu ni mdogo, una mialoni mikubwa miwili, na popo hawapendi kibanda kilichofungwa mtini: kinapata kivuli mno, matawi yanawazuia kutoka, na nyoka anapanda kwa raha zake. Lakini pembeni pale imesimama nguzo ya umeme, ndefu, imenyooka, inapigwa na jua tangu asubuhi. Nikajiambia, nguzo si ndiyo hii, Mungu amenipa. Nikachukua ngazi ya aluminiamu, nikapanda, nikakaza skurubu nne ndefu. Nikapiga picha nikakutumia. Kichwa kilivimba siku hiyo.

Siku ya kumi na moja narudi kutoka kazini, nakuta gari lenye mkono mrefu limeegeshwa na jamaa yuko juu ndani ya ndoo anakifungua kibanda changu. Nilidhani atanitukana. Alishuka, akanikabidhi kibanda mkononi kama mtu anayerudisha sahani ya jirani, kisha akaniuliza ngazi niliyotumia ni ya nini. Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa, akanionyesha waya wa juu kabisa: volti 7,200. Mbwana, nilikuwa nimenyoosha mkono na ngazi ya bati chini ya waya huo, nikiimba.

Akanieleza mambo ambayo mimi seremala wa miaka ishirini sikuwahi kuyafikiria. Mafundi wa laini wakati mwingine hupanda kwa viatu vyenye meno ya chuma yanayochoma mti. Jino likikuta skurubu au msumari badala ya mti, linateleza, na mtu anakuja chini. Na wanavaa glavu za mpira mnene, hizo ndizo zinazowatenga na mauti. Kichwa cha msumari kikitoboa glavu tundu dogo kama la sindano, ile si glavu tena. Kwa hiyo kila tangazo la paka aliyepotea linalopigiliwa nguzoni linampa mtu mwingine hatari usiku wa dhoruba. Ukitaka kuweka chochote pale, unaomba ruhusa kwa wenye nguzo, na kikiwekwa wanakiweka wao.

Kwenu mambo hayatofautiani. Laini za msongo wa kati mitaani kwenu ni volti 11,000 au 33,000, na huyo kijana wako sina hakika hata kama anavaa viatu. Tena nguzo zenyewe, zile zinazotoka Mufindi, zimenyweshwa dawa ili mchwa asizile. Dawa inayoua mchwa si kitu cha kumlaza mnyama juu yake, mwenye ngozi laini na kichanga kifuani. Na siku nguzo ikibadilishwa, je, popo wako watapelekwa wapi?

Basi nikanunua nguzo yangu mwenyewe: bomba la chuma la inchi 4, urefu futi 20, futi nne nikazizika kwa zege. Juu yake nikafunga vibanda viwili vilivyopeana migongo. Bomba lina faida yake, nyoka hapandi kirahisi.

Ila wewe hata bomba hulihitaji. Ghala la mzee wako lina ukuta ule mrefu unaotazama mashariki, hauna mti mbele yake. Funga pale. Popo hukubali kibanda cha ukutani kuliko cha mtini, kwa sababu ukuta hutunza joto. Kiwe mita nne kwenda juu, na chini yake pawe peupe kabisa, pasiwe na waya, tawi wala kamba ya kuanikia nguo. Popo haruki kama shomoro. Anajiachia kwanza, anaanguka, ndipo anashika hewa, na wale wenye mabawa marefu membamba huhitaji kuanguka sana.

Sasa kibanda chenyewe. Usifikirie mzinga wa nyuki wala banda la njiwa. Ni bapa, kama bahasha iliyosimama: mbao mbili pana zenye mwanya wa sentimita mbili katikati yake, zimefungwa juu na ubavuni, chini kumeachwa wazi. Kila mtu anapoona mwanya ule anadhani umekosea vipimo. Hujakosea. Popo anataka kubanwa, agusane na ubao mbele na nyuma, hapo ndipo anajisikia salama. Urefu usipungue sentimita sitini. Ndani usipige randa kabisa. Chukua patasi au ncha ya msumeno ukwaruze mistari ya kulala, maana anakaa kichwa chini na kucha zinahitaji pa kushika. Ubao wa nyuma uushushe zaidi ya ule wa mbele kwa kama shubiri moja, ndipo anapotua. Viungo vyote vya juu vizibe kwa silikoni. Kwa joto la Tanga, acha tundu jembamba la hewa ubavuni, chini kidogo ya katikati, na upake rangi nyeupe nje. Huku kaskazini vitabu vinasema elekeza kusini na paka rangi nyeusi. Usinakili, jua lenu linapita utosini.

Kuna jambo nalirudia kwa kuwa nakujua huna subira. Kibanda hakimwiti popo. Unakiweka, unanyamaza.

Hapa chuoni, Chuo Kikuu cha Florida, jengo moja liliungua 1987 na popo waliokuwa wakiishi darini mwake wakahamia kwenye majukwaa ya uwanja wa riadha na wa tenisi. Watu wanaangalia mbio huku wananusa mkojo wa popo. 1991 chuo kikawajengea nyumba nzima juu ya nguzo, karibu na ziwa liitwalo Lake Alice, wakawakamata, wakawahamishia humo. Popo wakalala, wakaondoka. Nyumba ikakaa tupu miaka, watu wakicheka, halafu siku moja wakaja wenyewe kwa hiari yao. Leo ni laki kadhaa. Jioni watu huja na viti na watoto, wanakaa ng'ambo ya barabara kusubiri jua lizame. Wanapoanza kutoka ni kama moshi. Unakumbuka tulipopelekwa mapango ya Amboni, tochi ya mwalimu ikazimika, na tukasikia juu yetu kama mvua inayokuja? Ni sauti ileile. Tofauti ni kwamba sisi tulikimbia.

Na wengine hawakuja kabisa. Kusini mwa jimbo hili, kisiwa cha Sugarloaf Key, bwana mmoja Richter Clyde Perky alijenga mnara wa mbao wa popo 1929, kwa michoro ya daktari Charles Campbell wa San Antonio aliyeamini popo watamaliza mbu na malaria. Perky alitaka wageni wake wavue samaki bila kuumwa. Popo hawakukaa. Mnara ukabaki umesimama mtupu, watalii wakiupiga picha, mpaka kimbunga Irma kilipouangusha 2017.

Hapo nikuonye na habari ya mbu. Nimesikia ukimwambia shemeji kwamba popo mmoja anakula mbu elfu kwa saa. Hesabu hiyo ilitokana na majaribio ya ndani ya chumba, popo kafungiwa na mbu. Huko nje anakula anachokikuta, na akipata nondo mnene hahangaiki na mbu mwembamba. Mbu wanapungua kiasi fulani, sikatai. Lakini chandarua usikiondoe.

Vibanda vyangu vilikaa vitupu mwaka mzima na miezi minne. Mke wangu alianza kuviita msikiti wa popo usio na waumini. Asubuhi moja nikaona chini ya bomba vipande vyeusi mfano wa mavi ya panya. Nikavifikicha kwa kijiti, vikavunjika unga, ndani vinameremeta: mabawa ya mende. Mavi ya panya hayavunjiki hivyo. Jioni nikahesabu kumi na wanne wakitoka. Nilikaa nje mpaka chakula kikapoa.

Waliomo darini kwako, kwa ulivyoeleza kimkia kinachochomoza nje ya ngozi, ni wa jamii moja na hawa wangu, popo wenye mikia huru. Wanapenda joto la bati. Usitegemee watahama kwa sababu umewapangishia nyumba ya pili. Weka kibanda kwanza, kikae miezi. Kisha tafuta tundu wanalotokea, bila shaka ni pale faisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa, ilipoachana na ukuta, utundike neti ya plastiki juu yake ikining'inia kama pazia. Wakitoka wanapita chini yake, wakirudi wanashindwa kuingia. Baada ya usiku kadhaa, unaziba. Lakini ukisikia sauti nyembamba za vichanga, acha kabisa. Huku Florida sheria inakataza kuwafungia nje kuanzia 16 Aprili hadi 14 Agosti, maana watoto hawajaweza kuruka. Ukiziba, mama yuko nje na mtoto anafia darini, halafu hiyo harufu ndiyo itamhamisha mama mkwe moja kwa moja.

Watoto wasiokote popo aliyeanguka chini, hata kama anaonekana mzima. Kichaa cha mbwa hakiji na mbwa peke yake. Na ukifagia mavi yao darini, yamwagie maji kwanza na uvae barakoa, vumbi lake linashika mapafu. Usiyatupe lakini. Mchicha wa shemeji utakuja kukushukuru.

Nitumie picha ya ukuta wa ghala wakati wa asubuhi, saa mbili hivi, nione jua linafika wapi. Pima pia kutoka chini hadi mwisho wa tofali. Nami nitakuchorea vipimo kwa mkono, kwa sentimita, siyo inchi za huku zinazonichanganya mpaka leo.

Msalimie shemeji, na mama mkwe mwambie arudi chumbani kwake.

Ndugu yako,
Sudi

N.B. Kama mbao ulizonunua ni zile za kijanikijani zilizotiwa dawa, zirudishe dukani kabla hujakata hata moja. Na huyo kijana wa Jumamosi mpigie leo.