YAH: Malalamiko kuhusu mfano wa saa ya maji ya Karnak

Kwa Meneja wa Mauzo,

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita shule yetu ilinunua kwenu, kwa shilingi 185,000, mfano wa saa ya maji ya Karnak, hekalu la kale la Misri, yaani chombo kinachopima muda kwa maji yanayotoka tunduni. Fedha hizo ni michango ya wazazi, na mimi, mwalimu wa Historia, ndiye niliyewaomba kwenye kikao. Ndiyo maana nawaandikia kwa uchungu.

Juzi nilikijaza chombo hicho maji mbele ya Kidato cha Pili. Maelezo yenu yanasema maji huisha kwa dakika 60, na ndani mmechora vipande 6 vilivyo sawa, kila kimoja dakika 10. Mwanafunzi mmoja alishika simu yangu kuhesabu, mwingine akapiga magoti kuchungulia usawa wa maji. Kipande cha kwanza kiliisha kwa dakika 5 na sekunde kadhaa. Cha pili, karibu 6. Halafu maji yakaanza kusuasua, na kipande cha mwisho peke yake kikala zaidi ya dakika 24, tone kwa tone. Yule aliyepiga magoti akainuka akasema, "Kumbe Wamisri hawakujua kupima muda, mwalimu." Darasa zima likamkubalia.

Walijua. Chombo halisi ni cha alabasta, aina ya jiwe, cha enzi ya Farao Amenhotep wa Tatu, karne ya 14 KK, na kilipatikana Karnak mwaka 1904. Mdomo wake ni mpana na kitako ni chembamba, kama ndoo. Chombo kikijaa, maji hulemea tundu la chini na kutoka kwa kasi. Yakipungua, na msukumo hupungua. Kwa kuwa juu ni kupana, maji mengi lazima yatoke ndipo usawa ushuke kidogo, na chini machache yanatosha. Hivyo usawa hushuka kwa mwendo unaokaribiana toka mwanzo hadi mwisho. Fikra yote ya saa hii imo katika kuta zile zilizoinama, nanyi mmetuletea kopo lililonyooka.

Tena chenu kina kipimo kimoja tu, yaani safu moja ya alama. Cha Karnak kina vipimo 12, kimoja kwa kila mwezi, kwa sababu Wamisri waligawa usiku saa 12, uwe mrefu au mfupi, na urefu wa saa ukabadilika na majira. Watoto wetu, wanaohesabu saa moja ya usiku baada ya jua kuzama, wangelielewa jambo hilo kwa dakika mbili. Hawakupata hata nafasi ya kuliuliza.

Kijikaratasi chenu nacho kinasema saa hii ilibuniwa na Wagiriki. Nadhani mmechanganya na vyombo vya mahakama za Athens. Kimoja kilichofukuliwa Agora, uwanja wa soko wa kale wa Athens, huisha kwa dakika kama 6, kikampimia msemaji muda wake, na maji yalizibwa ushahidi au sheria iliposomwa. Chombo kama hicho hakikuhitaji kuta za kuinama, maana kilipima toka kujaa hadi kuisha, basi. Lakini cha Karnak kinakitangulia kwa karne nyingi, na kiko Afrika. Kumnyang'anya Mmisri kazi yake mbele ya watoto wa Kiafrika ni kosa ambalo siwezi kulinyamazia.

Naomba mtuletee chombo chenye umbo sahihi na vipimo vyote 12, pamoja na maelezo yaliyorekebishwa, au mturudishie fedha zote. Naomba pia muwaandikie wateja wengine mliowauzia. Mada hii tunaimaliza baada ya wiki tatu, na nimewaahidi wanafunzi kwamba jaribio litarudiwa. Chombo chenu kipo kwenye boksi lake ofisini, na risiti ninayo.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Historia