Mshipi uliouacha nyuma ya mlango

Majengo, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Ulipopanda basi baada ya Idi nilikuta mshipi wako umetundikwa nyuma ya mlango. Kwenye ncha kabisa, mbele ya matundu ya kiwandani, kuna tundu la msumari ulilotoboa mwenyewe, na hata hilo limevutika likawa refu kama tundu la kifungo. Nikaelewa kwa nini umeuacha.

Majirani walikusifu sana: umenawiri, Nairobi imekukubali. Babako walimsifu vivyo hivyo alipokuwa karani wa godauni kule Kilindini, na miaka 32 kama yako. Yaliyofuata umeyaona: ugonjwa wa sukari. Kidonda kidogo cha mkanda wa kandambili nilikisafisha miezi minne, na mwisho kidole kikakatwa.

Mimi nilisomea uuguzi miaka ya 1980. Tulifundishwa kwamba mafuta ya mwilini ni akiba tu, magunia yaliyopangwa godauni yakingoja siku ya njaa. Kumbe godauni lina karani wake, na kila saa anapeleka barua. Seli za mafuta hutoa homoni zinazoingia kwenye damu, na mojawapo ni adiponektini. Iligunduliwa 1995 na 1996 na makundi ya watafiti wa Marekani na Japani, kila moja kivyake, hata mwanzoni ikawa na majina manne.

Ikifika kwenye misuli, homoni hii huisaidia kuchoma mafuta na kupokea sukari. Kwenye ini, hulizuia lisimwage sukari ovyo. Lakini mishipa ya damu ndiyo niliyotaka usome habari zake polepole, mwanangu. Ndani ya kila mshipa kuna utando wa seli, safu moja tu. Ukimenya yai la kuchemsha utaona ngozi nyeupe inayobaki kwenye ganda. Huo wa mshipa ni mwembamba zaidi ya hapo. Adiponektini huusaidia kutoa nitriki oksidi, gesi inayoulegeza mshipa ukatanuka, damu ikapita bila kusukumana. Tena hupunguza vile vinata ambavyo chembe nyeupe za damu hujishikiza navyo ukutani, na kujishikiza huko ndiko mwanzo wa mafuta kuganda na kuziba mishipa ya moyo.

Sasa sikia ajabu yake. Inatoka kwenye mafuta, lakini mafuta yakizidi, inapungua. Hasa yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka utumbo na ini. Seli zikishindiliwa kupita kiasi, karani anaacha kuandika. Na mtu haumwi popote! Babako hakuumwa popote.

Usiende kutafuta kipimo cha homoni yenyewe. Wazee wenye moyo uliochoka mara nyingi huonekana nayo nyingi, na hali zao si nzuri, kwa hiyo kipimo peke yake hakitakwambia kitu. Dawa moja ya sukari, pioglitazoni, huipandisha, lakini hiyo ni ya daktari kumwandikia mgonjwa wake. Yeyote anayekuuzia unga au chai ya kuiongeza, mwache apite na mzigo wake. Kinachoipandisha kwa mtu kama wewe ni uzito kupungua, na uzito ukipungua tumbo nalo linafuata.

Ndani ya kifurushi nimekutilia futi ya marehemu bibi yako, ile ya cherehani. Asubuhi kabla hujanywa chai, izungushe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, shusha pumzi, usilivute tumbo ndani. Kwa mwanamume, ikipita sentimita 94 ni ya kuangaliwa. Kisha ukapime presha, sukari na mafuta ya damu wiki hii hii, usingoje mwisho wa mwezi. Soda za mchana nakuomba uziache. Jioni tembea, kama tulivyokuwa tukitembea Mama Ngina ukiwa mdogo, ukinikimbia hadi mnara wa taa na mimi nikihema nyuma yako.

Ijumaa nitakupigia baada ya swala, uwe na hiyo namba mkononi. Achari ya embe imo, na ndimu. Mahamri safari hii sikutia, nisamehe mwanangu. Nilikuwa nimeshayakanda.

Mamako